Kikapu cha Matobolwa Kisiwani

Nianze na waliokuwepo, ili msomaji asipotee njiani.

Nilikuwepo mimi, bibi wa Kisesa, mjane, mama wa watoto saba. Alikuwepo wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, anayekaa Igoma, ambaye amenitania tangu siku niliyoolewa na mpaka leo hajachoka. Alikuwepo rafiki yangu wa mjini, mama wa Kihindi ambaye kwao wana duka la vitambaa tangu enzi za babu yake. Nilianza kununua kanga kwao sisi wawili tukiwa wasichana, na Kisukuma anakijua kuliko wajukuu zangu. Alikuwepo mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa tatu, niliyemlea tangu akiwa na miaka miwili, naye ndiye aliyetuongoza siku hiyo. Alikuwepo mkubwa wake wa kazi, baba mtu mzima mwenye ndevu za mvi na daftari dogo mkononi. Na alikuwepo mwendesha boti. Hao tu. Wageni wengine walikwenda na kiongozi mwingine.

Majina yao ninayo yote. Ninayo hata majina ya watu niliokaa nao benchi moja ngumbaru, tulipofundishwa kusoma tukiwa watu wazima, na ya watoto wao, na ya ng'ombe wa baba yangu mmoja mmoja. Lakini huyo mjukuu wangu ndiye anayenichapia ninachoandika kwenye daftari, naye amesema, "Bibi, hawa watu hujawauliza kama wanataka kuandikwa." Nimeona ana haki. Basi majina nimebaki nayo mdomoni.

Sasa mjue kilichotupeleka.

Mjukuu wangu alisomea mambo ya wanyama, akapata nafasi kwenye hifadhi ya kisiwani, kile kisiwa cha mawe unachokiona ukisimama ufukweni pale mjini. Ila walimchukua kwa majaribio kwanza, miezi mitatu. Miezi ikiisha, ama anapewa sare yake na kazi, ama anaambiwa asante, nenda nyumbani. Jumamosi moja akaja Kisesa, miezi ikiwa karibu kuisha. Akakaa jikoni, akawa anachambua mchicha kwa nguvu kama anaugombeza.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, maana ndivyo tunavyotaniana, "mchicha umekukosea nini?"

"Bibi, wataniacha."

"Kwani wanyama huwajui?"

"Wanyama nawajua. Watu wazima ndio siwawezi."

Akanieleza. Walikuja wazee fulani, wastaafu, wakatoka kwenye njia wakashuka mpaka majini kupiga picha, mahali ambapo mamba huota jua. Yeye akabaki juu anasema, "Samahani babu, samahani babu," kwa sauti ambayo hata kuku asingeshtuka. Mpaka mkubwa wake akaja mwenyewe akawatoa. Halafu akamwambia, "Binti, unajua kila kitu, lakini ukiona mvi tu unarudi kuwa mtoto. Mamba haangalii mvi." Akamwambia siku yake ya mwisho ya majaribio alete wazee wa kwao, awatembeze kisiwa kizima. Akiwaweza hao, atawaweza wote.

Niligeukia ugali wangu nikausonga, kwa sababu aliyemfanya awe vile ni mimi. Nilimfundisha kupiga magoti akiamkia mkubwa. Nilimfundisha macho chini. Nilimfundisha kwamba mkubwa akikosea humwambii mbele za watu. Unangoja ale, ashibe, halafu unamtuma mtu mwingine akamwambie kwa upole. Watu wa Kisesa walikuwa wananisifu, yule mtoto ana adabu, na mimi sifa zile nilizila kama karanga. Sikujua kwamba nilikuwa namfungia mlango wa kazi.

Nikasema, "Tutakuja. Na sisi hatutakusumbua."

Ona nilivyosema.

Siku ilipofika niliamka nikapanga kikapu. Kwetu huendi kwa mtu mikono mitupu, na pale nilikuwa nakwenda kwa wakubwa wa mjukuu wangu. Niliweka matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa vikakatwakatwa na kuanikwa mpaka vikauke, na karanga za kukaanga, nikafunika kwa kanga mpya. Na zawadi ina taratibu zake. Haitangazwi njiani wala haifunguliwi mlangoni. Unaingia, unakaribishwa, unakaa, mnaulizana habari, ndipo unamkabidhi mwenye nyumba kwa mikono miwili. Ukisema mlangoni, "Nimeleta viazi," ni kama unanunua kiti cha kukalia.

Pale gatini tulivalishwa maboya, yale ya kuvaa kifuani, rangi ya chungwa. Wifi yangu ni mnene, kamba zilikuwa hazifiki.

"Wifi," nikamwambia, "umefungwa kama gunia la dagaa la sokoni Kirumba."

"Na wewe umekonda humo ndani kama mbegu ya ubuyu. Ukianguka majini boya litaelea peke yake, tutalizika boya."

Rafiki yangu wa dukani alikuwa ameinua sari yake kidogo isiloe, anacheka. Alisema baba yake alimleta kisiwa hicho akiwa mtoto, na wakati huo wanyama walikuwa ndani ya vyuma. "Tulikuja kuwaangalia wamefungwa," akasema. "Leo tumefungwa sisi, wenyewe wanatembea." Hata mwendesha boti, aliyekuwa hajasema kitu tangu tufike, alitoa meno.

Safari yenyewe ni fupi. Hata wifi hakumaliza kulalamika tukawa tumefika.

Mjukuu wangu alisimama kwenye ngazi ya mawe, amevaa shati la kuazima ambalo mabega yake yalikuwa yanamfikia viwiko. Alituambia sheria huku anaangalia vidole vyake vya miguu. Msitoke kwenye njia. Msipige kelele. Msiokote kitu wala kumlisha mnyama. "Na kama kuna mwenye chakula, akiache hapa ofisini, tutamrudishia."

Wifi akatoa ndizi mbili kwenye mkoba wake. Rafiki yangu akatoa kopo la chauro, vile vitafunio vya kwao vya pilipili. Mimi nikajiambia, hiki changu si chakula, hii ni zawadi. Mjukuu aliangalia kikapu changu. Mimi nikaangalia ziwa. Angeweza kuniuliza, "Bibi, humo mna nini?" Hakuuliza. Nyuma yake yule mkubwa wake aliandika kitu kwenye daftari, kifupi tu.

Tukapanda.

Niseme ukweli, kama singekwenda ningekufa sijui ziwa letu lina nini ndani yake. Nimeishi umri wote huu karibu na maji haya, nimekula samaki wake, nimefua, nimewazika watu ambao yaliwachukua, na bado kulikuwa na nyumba nzima ya viumbe hapo mbele ambayo sikuwahi kubisha hodi. Mijusi walikuwa wamelala juu ya mawe, vichwa na mabega rangi ya waridi, kiuno na mkia buluu, wanapiga pushapu kama askari wa mgambo. Swala wawili walisimama nyasini wakatuangalia, masikio yanazunguka, halafu wakaendelea kula, kana kwamba wamesema, aah, ni wazee tu. Chini kwenye jabali kenge alikuwa anashuka majini polepole, bila haraka, kama mwenye shamba anayekagua mpaka wake.

Na pimbi. Walikuwa wamejazana kwenye ufa wa jiwe kama watoto kwenye dirisha la harusi. Mjukuu akasema, bado kwa ile sauti ndogo, kwamba huyo pimbi ndugu yake wa karibu ni tembo.

"Nani kasema?" wifi akauliza.

"Wataalamu, bibi."

"Basi ukoo huo uligawana urithi vibaya. Huyu hakupewa hata mkonga wa kujifutia kamasi."

Mjukuu alicheka, akaziba mdomo, akageuka kumwangalia mkubwa wake. Mkubwa alikuwa anaangalia mti.

Tulipofika juu, pana jabali pana lenye mkuyu pembeni, na upande mmoja jabali linateremka moja kwa moja mpaka majini. Tukasimama kupumua. Wifi akapanda jiwe la pembeni ili apate upepo. Mimi nikaweka kikapu chini kati ya miguu yangu. Ndipo akatoka tumbili jike kwenye mkuyu, mtoto amemng'ang'ania tumboni, yule mtoto uso mweusi mdogo kama kifungo. Akakaa karibu nami, umbali kama wa kutoka kitandani hadi mlangoni. Akaangalia kikapu. Akanusa.

Sasa kwetu mama anayenyonyesha akisikia harufu ya chakula chako, hapitwi. Hata kama humjui. Unamtolea kidogo, basi, usije ukaona haya mbele ya Mungu. Mkono wangu uliingia chini ya kanga kabla sijafikiri. Nikatoa tobolwa moja, nikamnyooshea.

"Wifi, kikapu chako kina ndugu wengi," wifi akasema kutoka juu ya jiwe lake.

Niliinua macho. Walikuwa watano, sita, saba, wanashuka. Yule jike akachukua tobolwa mkononi mwangu kwa vidole vya baridi kabisa, nakumbuka ile baridi, na papo hapo dume kubwa likaja kwa nyuma likashika mpini wa kikapu. Likavuta. Mimi nami nikavuta, maana ile ni zawadi ya wakubwa, nitamwambia nini mtu? Tukavutana. Kandambili yangu ikateleza kwenye jiwe, nikajikuta nimeshuka hatua mbili upande wa maji.

"Bibi! Simama hapo hapo. Usivute."

Sauti ile sikuijua. Niligeuka kutafuta nani kaingia kati yetu. Alikuwa yeye. Alipita mbele yangu, akasimama katikati yangu na lile dume, hakukimbia, hakulipiga, alipanua mikono na kupiga hatua moja kubwa ya mguu juu ya jabali, paa. Dume likaachia. Likaonyesha meno, likarudi nyuma, wenzake nao wakarudi mkuyuni.

Halafu mjukuu wangu akanigeukia. Nikaona macho yake yananiangalia usoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya akiwa na hasira. Nikajiambia, sasa atasema samahani bibi, atainama, na yule baba mwenye daftari ataandika, na mtoto wangu atarudi Kisesa kuchambua mchicha. Kwa ajili ya viazi vyangu.

Alipiga magoti. Pale pale juu ya jabali, na suruali yake ya kazi.

"Shikamoo, bibi."

Tulikuwa tumeshaamkiana asubuhi. Nikasema, "Marahaba, mwanangu."

Akasimama. "Nipe kikapu."

"Ni cha wakubwa wako. Ni zawadi."

"Nimeelewa. Nipe."

"Nitakikabidhi tukishafika ndani, tukikaa. Kwa mwenye nyumba."

"Bibi, sikuombi, nakuambia. Hapa mwenye nyumba ni mimi."

Wifi alishusha pumzi kwa sauti. Rafiki yangu wa dukani alishika ncha ya sari yake mdomoni. Na mimi, mwanamke ambaye hata mume wangu aliniogopa nikiwa na kikapu, nilikichukua kwa mikono miwili nikamkabidhi. Alikipokea kwa mikono miwili.

"Haya makubwa," wifi akasema. "Mtoto anamwamuru bibi yake mchana kweupe."

"Na wewe, bibi wa Igoma, teremka kwenye jiwe hilo. Lina utelezi, na liko nje ya njia."

Wifi akateremka. Nawaambia, akateremka. Tangu nimfahamu mwanamke yule sijawahi kumwona akifanya jambo aliloambiwa mara moja tu.

Mjukuu akatukusanya. Hakuangalia tena vidole vya miguu. Akasema tumbili akipewa chakula kwa mkono hujifunza kwamba mkono wa mtu ni wa kunyang'anywa. Leo ananyang'anya kikapu, siku nyingine atamng'ata mtoto wa mtu, halafu itabidi wamwondoe kisiwani, na akiondolewa mama, yule kifungo cha tumboni anabaki na nani? "Ukimhurumia mwanawe, bibi, mwache ale vya kwake." Akatuonyesha tini za mkuyu, zimeiva, zimejaa kwenye matawi hadi zinadondoka. Nikaona haya. Mama yule hakuwa na njaa. Alikuwa kwake, mimi ndiye niliyekuwa mgeni, na mgeni hagawi chakula kwenye nyumba ya watu.

Kisha akasema turudi ofisini tukaache kikapu, tuanze upya.

"Tushuke na tupande tena?" wifi akauliza. "Na goti langu hili?"

"Ndiyo, bibi. Taratibu. Nitakushika mkono."

Akamshika mkono. Tukashuka, tukaacha kikapu, tukapanda tena, na safari hii tulimsikia. Alituonyesha mamba, na kweli alikuwa kama gogo, mpaka gogo likafumba jicho. Alituonyesha tai akiinua samaki majini. Alijibu maswali yote ya wifi, hata yale ya kipuuzi, na alipotuambia tusimame tulisimama kama watoto wa shule. Mkubwa wake alikuwa bado nyuma, lakini daftari alikuwa amelitia mfukoni.

Mwisho tukakaribishwa ofisini, tukakaa kwenye benchi, tukaulizwa habari. Kikapu kilikuwa juu ya meza. Sikukigusa, maana sikuwa nacho tena, nilishamkabidhi mwenye nyumba. Mjukuu ndiye aliyekifungua. Alitoa matobolwa na karanga kwenye sahani, akatuwekea sisi kwanza, akampelekea mwendesha boti kule gatini, akamalizia kwa mkubwa wake. Yule baba alitafuna taratibu.

"Mama yangu alikuwa anaanika haya juu ya jabali," akasema. "Sisi tukiyaiba kabla hayajakauka." Akatafuna tena. Halafu akamwambia mjukuu, bila kubadilisha sauti, "Asubuhi kikapu ulikiona."

"Nilikiona, mzee."

"Hukuuliza."

"Sikuuliza."

"Usirudie. Angeanguka bibi yako, si wa mwingine."

"Sitarudia."

Yule baba akasogeza sahani karibu. Akachukua karanga moja, akaimenya ganda lake jekundu. "Jumatatu nenda kapimwe shati lako. Hilo la kuazima linakumeza."

Mjukuu wangu akasema asante, mzee. Rafiki yangu wa dukani alinifinya paja. Wifi akasema, "Basi tuleteeni na zile ndizi zangu, tusherehekee," na tukala ndizi mbili watu watano.

Watu waliniuliza baadaye, hukuumia kuamriwa na mtoto uliyemfuta kamasi? Hapana. Nilimfundisha kupiga magoti, na alipiga. Sikumfundisha kusimama baada ya hapo, hilo alijifunza mwenyewe, kwenye jabali, na nashukuru kwamba nilikuwepo kuona. Namshukuru mkubwa wake aliyengoja nyuma bila kumwingilia. Namshukuru hata lile dume, ingawa mpini wa kikapu changu umebaki umelegea upande mmoja na sijaushona. Kila nikikibeba kwenda gulioni kinaning'inia vibaya, nacheka peke yangu, watu wa Kisesa wananiangalia.

Sasa, mimi ni mzee, na yapo mambo ambayo hatukubaliani. Huyu anayechapa anasema hakupiga magoti, alichuchumaa tu. Wifi anasema hakuteremka kwa kuambiwa, alikuwa anateremka mwenyewe. Rafiki yangu wa dukani anasema tumbili walikuwa wanne na kwamba mtoto alikuwa mgongoni, si tumboni, naye macho yake ni mazuri kuliko yangu. Mwendesha boti sijapata kumuuliza. Kama unasoma haya na ulikuwa kisiwani siku ile, kwenye lile kundi jingine lililokuwa linapumzika chini ya mkuyu wa pili, na uliona tofauti, njoo Kisesa uniambie. Nitakurekebishia kwenye daftari mbele ya macho yako. Lakini usije mikono mitupu, na ukifika, usiseme mlangoni umeleta nini.